Kuku Anayeatamia, na Namna ya Kutambua Pora na Tembe

Kando ya barabara itokayo Ruiru kwenda Thika ni vigumu kuupata mtaa usio na kuku. Katika ploti za Kimbo na Makongeni kuku hufugwa katika vizimba vya mbao nyuma ya nyumba. Huko Gatuanyaga na Ngoliba hutembea shambani wakijitafutia mchwa na punje za mahindi. Kwa jamaa nyingi kuku ndiye benki ya karibu kuliko zote. Mayai hununua chumvi na sabuni, na jogoo mmoja aliyenona huweza kuuzwa siku mtoto anaporudishwa nyumbani kwa sababu ya ada ya shule.

Mfugaji akiulizwa kwa nini faida yake ni ndogo, hutaja mambo matatu: kideri, mwewe, na bei ya chakula cha dukani. Yote hayo ni kweli. Lakini iko hasara nyingine ambayo haina kelele, nayo huingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni kuku anayeachwa aatamie wakati wowote apendao na mahali popote apendapo. Mlango wa pili ni jogoo mchanga anayelishwa miezi minne kwa matumaini kwamba ni jike atakayetaga. Milango hiyo yote yaweza kufungwa bila fedha nyingi. Kinachotakiwa ni maarifa, na kushika tarehe.

HESABU YA KUKU ALIYEACHWA

Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na matano, kisha huyalalia. Chukulia mfano wa koo mmoja, yaani kuku jike aliyekwisha kuanza kutaga, ambaye ametaga mayai 12 kwa siku 18. Ataatamia kwa siku 21 mpaka vifaranga waanguliwe. Baada ya hapo atawalea kwa wiki kumi hivi, na wakati wote huo hatagi hata yai moja. Siku hizo zikijumlishwa ni 109. Basi katika mwaka mzima kuku huyo atapata nafasi ya kutaga mara tatu tu, nayo mayai yake yatakuwa 36 hivi. Yakilaliwa yote, jamaa haina yai la kula wala la kuuza.

Lakini kuku yule yule akizuiwa kuatamia mara tu anapoanza, hurudi kutaga baada ya majuma machache. Siku 18 za kutaga, siku 5 za kuzuiwa, na majuma mawili ya kungojea, jumla yake ni siku 37. Katika muda ule wa siku 109 angeweza kutaga karibu mara tatu badala ya mara moja. Hesabu hii si sheria, kwa maana kuku hawafanani na chakula hakifanani. Hata hivyo yaonyesha wazi kwamba uchaguzi ni wa mfugaji. Akitaka vifaranga, amwache kuku aatamie na amsaidie. Akitaka mayai, amzuie mapema. Anayeacha mambo yaende yenyewe hukosa vyote viwili.

KWA NINI KUKU HUATAMIA

Kuatamia si ugonjwa wala si ukaidi. Ndani ya kichwa cha kuku, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo itoayo homoni iitwayo prolaktini. Kuku akilala mahali penye giza, juu ya mayai ambayo hayaondolewi, na tumbo lake likaona joto, homoni hiyo huzidi. Inapozidi, kikonyo cha mayai mwilini husinyaa, na kutaga hukoma. Manyoya ya tumboni hunyonyoka ili ngozi iguse mayai na kuyapa joto.

Dalili zake ni rahisi kuzijua. Kuku hubaki kiotani hata usiku, wala hapandi pale alalapo wenzake. Akiguswa hutimua manyoya, hulia kwa sauti nzito ya mama wa vifaranga, na hudonoa mkono. Upanga wake, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani, hupauka. Hutoka mara moja tu kwa siku kula na kunywa, na mavi yake huwa mengi na yenye harufu kali. Mfugaji asiwe na haraka. Amwachie mayai mawili yasiyo na kazi kwa siku mbili au tatu, na akiona kuku hatoki, ndipo ajue kwamba nia yake ni ya kweli.

Ni vizuri kujua pia kwamba si kuku wote wenye tabia hii. Kuku wa mayai wa kisasa wameondolewa tabia ya kuatamia kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi, na ndiyo sababu wengi wao hawaatamii kabisa. Kuku wa kienyeji walioboreshwa, kama wale waliotokana na kituo cha utafiti wa mifugo cha Naivasha, huatamia kwa nadra kuliko kienyeji asilia. Mtu aliyewanunua hao asingoje waangue. Awawekee mayai yao chini ya koo wa kienyeji, au ayapeleke kwa mwenye mashine ya kuangulia.

NI KUKU YUPI AACHWE, NA YUPI AZUIWE

Afaaye kuachwa ni koo mwenye mwili mkubwa na manyoya mengi, mpole, mwenye afya, ambaye amewahi kulea vifaranga wakakua. Afaaye kuzuiwa ni yule mdogo, aliyekonda, anayekula mayai, au anayehamahama kiota. Kuku mwenye chawa au utitiri asiatamishwe mpaka atibiwe, kwa kuwa atakuwa akiinuka kila mara na mayai yatapoa. Pengine atakufa palepale kiotani kwa kunyonywa damu.

Majira nayo yatazamwe. Thika na Ruiru ziko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya bahari. Mwezi wa Juni hadi Agosti mawingu hutanda, manyunyu huanguka, na asubuhi huwa baridi. Vifaranga waliozaliwa wakati huo hufa upesi wasipopata mahali pakavu na pa joto. Wale wanaoanguliwa baada ya baridi kupungua hukuta jua, majani na wadudu. Tena pora, yaani jogoo wachanga, walioanguliwa mwezi wa Julai na kutunzwa vema huwa tayari kuuzwa Desemba, wakati ambapo kila jamaa hutafuta kuku wa sikukuu. Kwa hiyo anayewaatamisha kuku wake wakati wa baridi kwa ajili ya soko hilo hana kosa, mradi awe ametayarisha nyumba ya joto kabla ya siku ya 21.

NAMNA YA KUMZUIA

Ziko njia za zamani ambazo hazifai. Wengine humtumbukiza kuku katika maji baridi, wengine humfunga mguu juani bila chakula, na wengine humpitisha unyoya puani. Mambo hayo humtesa kuku, na katika baridi ya Julai huweza kumwua. Tena hayagusi chanzo chenyewe, ambacho ni joto la tumbo na giza la kiota.

Njia iliyo bora ni kizimba kilichoinuliwa kutoka ardhini, ambacho sakafu yake ni ya fito au waya, hata hewa ipite chini ya tumbo la kuku. Ndani yake pasiwekwe nyasi wala kiota. Kiwekwe mahali penye mwanga, lakini pasipo jua kali wala mvua. Kuku apewe maji na chakula kama kawaida, kwa sababu akikonda atachelewa kutaga. Baada ya siku 3 hadi 5 wengi husahau mayai. Mfugaji amtoe na kumtazama. Akirudi kiotani, arudishwe kizimbani siku mbili zaidi. Anayeanza siku ya kwanza ya dalili hushinda upesi. Anayengoja majuma mawili hupata kazi kubwa.

Kinga ni bora kuliko kuzuia. Mayai yaokotwe kila siku, na yakiokotwa lisalie moja kiotani ili kuku asihame na kwenda kutaga kichakani.

NAMNA YA KUMSAIDIA ANAYEATAMIA

Kwanza mayai. Yachaguliwe yaliyo safi, ya ukubwa wa kadiri, yasiyo na ufa, yasiyozidi siku saba tangu kutagwa. Yawekwe mahali pa baridi kidogo, ncha ikielekea chini, wala yasioshwe kwa maji. Lazima yatoke kwa kuku waishio na jogoo. Hapa wengi hukosea kwa njia mbili. Wengine hudhani kuku hawezi kutaga pasipo jogoo. Hutaga, ila yai lake haliwi kifaranga. Wengine hununua mayai ya dukani, yaliyotoka kwa kuku wasiojua jogoo, wakayaweka chini ya koo wao, na siku ya 21 hupata viza vitupu.

Pili, kiota. Sanduku au kikapu chenye upana wa sentimita 35 hadi 40 hutosha. Chini uwekwe udongo mkavu uliochanganywa na jivu, na juu yake nyasi kavu. Kiwe mahali palipotulia, penye giza kidogo, pasipofikiwa na panya, paka wala nguchiro. Kiwe mbali na kuku wengine. Jambo hili ni kubwa, kwa kuwa kuku wengine wakiingia na kutaga humo, mayai huwa ya siku mbalimbali. Yale ya kwanza huanguliwa, mama huondoka na watoto wake, na yale ya nyuma hufia ndani ya ganda. Mfugaji mwenye busara huyatia mayai yote alama kwa penseli siku ya kuyaweka, na yai lisilo na alama huliondoa.

Tatu, hesabu. Mayai 10 hadi 12 humtosha koo wa kienyeji, na wakati wa baridi yawe 8 hadi 10. Yakizidi, yaliyo kando hupoa, na kuku akiyageuza huyaleta yale yaliyopoa katikati na kuyasukuma mengine nje, hata yote yakaharibika. Kuku ahamishwe na kuwekwa juu ya mayai usiku, wala si mchana. Mahindi na maji safi yawe karibu, ili atoke dakika chache tu na kurudi.

Nne, kuyapima mayai. Usiku wa saba mfugaji achukue kurunzi au tochi, aishike nyuma ya yai gizani. Yai lenye uhai huonyesha doa na mishipa myembamba myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Yai lililo jeupe tupu halina kitu, na liondolewe. Usiku wa 14 apime tena. Yai lenye uhai huwa jeusi karibu lote isipokuwa pale penye hewa. Lililokufa liondolewe kabla halijapasuka na kuyachafua mengine. Kuanzia siku ya 18 kuku asisumbuliwe tena.

Siku ya 21 vifaranga hutoka. Anayechelewa asimenywe ganda kwa mkono, maana damu na kiini havijaisha kuingia mwilini, na kumtoa ni kumwua. Kifaranga aliyekauka huweza kukaa siku nzima na zaidi bila chakula, kwa kuwa ana akiba ya kiini tumboni. Kwa hiyo mama asiondolewe kiotani kwa haraka kwa sababu wawili wa kwanza wameanza kulia.

FAIDA YA KUATAMISHA WENGI PAMOJA

Mfugaji mwenye koo wawili au watatu wanaoelekea kuatamia awape mayai yasiyo na kazi mpaka wote wawe tayari, kisha awaanzishe usiku mmoja. Faida yake huonekana usiku wa saba. Ikiwa kuku mmoja ameonekana na mayai sita mabovu na mwingine matano, mayai mema huwekwa chini ya mmoja, na yule wa pili hupewa mayai mapya au huzuiwa arudi kutaga. Tena siku ya kuanguliwa, vifaranga wa koo wawili huweza kupewa mama mmoja. Wapelekwe usiku, mmoja mmoja, chini ya mbawa zake. Asubuhi atawahesabu wote kuwa ni wake.

Kuku aliyenyang'anywa vifaranga huweza kuwekewa mayai mengine akaendelea. Lakini asifanyiwe hivyo zaidi ya mara mbili mfululizo. Kuku anayeatamia hula kidogo sana na hukonda, na asiyepumzishwa mwisho wake ni ugonjwa.

Vifaranga wasio na mama hutaka joto la nyuzi 32 hadi 35 katika juma la kwanza, kisha lipunguzwe kidogo kidogo kila juma. Hakuna haja ya kipimo kwa mwenye macho. Vifaranga wakirundikana mahali pamoja, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni wakihema, wanaona joto. Wakitawanyika na kula, hali ni njema. Anayetumia jiko la makaa aache nafasi ya hewa kupita, na asilale katika chumba hicho, kwa sababu hewa ya sumu itokayo katika makaa haina harufu, nayo huua vifaranga na watu pia.

NUSU YAO NI MAJOGOO

Sasa ni swali la pili. Kwa kawaida, katika vifaranga wengi, nusu huwa majogoo na nusu majike. Jambo hilo haligeuki kwa dawa wala kwa hila. Kwa ndege, mama ndiye anayeamua kama mtoto ni dume au jike, na jambo hilo hukatwa kabla yai halijatagwa. Wazee wengi katika nchi nyingi waliamini kwamba yai lenye ncha kali hutoa jogoo na yai la mviringo hutoa jike. Wengine huning'iniza pete kwa uzi juu ya yai na kutazama inavyozunguka. Hayo yote hayana ukweli. Umbo la yai hufuata umbo la mji wa mayai wa kuku mwenyewe.

Hasara ya kutojua ni kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Chukulia mfano wa mama aliyenunua sokoni vifaranga 50 kwa ahadi ya mdomo kwamba wote ni majike wa kutaga. Kuku wa mayai hula kilo 6 hivi za chakula kabla hajafika wiki 18. Ikiwa 25 kati yao ni majogoo, wamekula kilo 150, yaani magunia mawili ya kilo 70 na zaidi, wala hakuna yai. Tena jogoo wa mbegu ya kuku wa mayai hanenepi kama kuku wa nyama. Mifupa yake ni mingi na nyama ni chache.

Wako wachuuzi wasio waaminifu wanaotumia jambo hili. Vituo vikubwa vya kuangulia huwatenga vifaranga wa mayai siku ya kwanza, na majogoo huuzwa kwa bei ndogo. Mtu huwanunua, huwatembeza kwa kikapu, na kuwauza kama kienyeji au kama majike. Kwa hiyo mnunuzi aende kituoni mwenyewe au kwa wakala anayejulikana, aagize mapema, na adai hati ya malipo iliyoandikwa wazi kwamba vifaranga ni majike. Bei iliyo rahisi mno na iwe onyo kwake.

KIFARANGA WA SIKU MOJA HUTAMBULIWAJE

Iko njia ya kutazama ndani ya tundu la nyuma la kifaranga. Iligunduliwa na wataalamu wa Japani, na mwaka wa 1927 Kiyoshi Masui na Juro Hashimoto waliieleza mbele ya mkutano wa dunia wa wafuga kuku huko Ottawa, Kanada. Mtaalamu aliyefundishwa huona kinundu kidogo mno, na hutenga mamia ya vifaranga kwa saa moja. Lakini kazi hiyo hutaka mafunzo marefu. Asiyefundishwa akijaribu kukamua kifaranga humtoa utumbo. Kwa hiyo njia hii ni ya kituo, si ya nyumbani.

Njia ya pili ni rangi. Reginald Punnett, mtaalamu wa Cambridge, Uingereza, alionyesha miaka mia moja hivi iliyopita kwamba rangi nyingine za kuku hurithiwa pamoja na jinsia. Jogoo mwekundu wa Rhode Island Red akipandishwa kwa koo mweupe wa Light Sussex, vifaranga majike huwa wa kahawia na majogoo huwa weupe wenye manjano kidogo. Mbegu hizi mbili zimejulikana Kenya kwa miaka mingi, na kuku wengi wa mayai wenye rangi ya kahawia hutengenezwa kwa njia ya namna hiyo. Vivyo hivyo jogoo wa Rhode Island Red akipandishwa kwa koo wa Plymouth Rock mwenye mistari myeupe na myeusi, vifaranga wote huwa weusi, lakini majogoo huwa na doa jeupe kichwani.

Mfugaji akumbuke mambo mawili. Akigeuza, jogoo awe mweupe na koo awe mwekundu, dalili haionekani. Tena akiwapandisha wale watoto wao kwa wao, kizazi cha pili hakitambulikani kwa rangi.

Njia ya tatu ni bawa. Watu wengi hufungua bawa la kifaranga na kusema kwamba mwenye manyoya marefu ni jike. Hiyo ni kweli kwa mbegu zile tu ambazo wazazi wake walichaguliwa kwa ajili hiyo. Jike huwa na manyoya marefu na mafupi yaliyopangwa kwa zamu, na jogoo manyoya yake huwa sawasawa. Kwa kienyeji wa kawaida bawa halisemi kitu.

Huko Ulaya jambo hili limefika mbali. Tangu mwanzo wa mwaka wa 2022 sheria ya Ujerumani imekataza kuwaua vifaranga majogoo wa mbegu za mayai, na vituo vyao hutumia mashine zinazotambua jinsia ndani ya yai kabla halijaanguliwa. Mashine hizo ni za vituo vikubwa; mfugaji wa Ngoingwa au Kiganjo hana haja ya kuzingoja.

KUTAMBUA KIENYEJI KWA MACHO

Kwa kuku wa kienyeji wenye rangi nyingi, saburi ndiyo njia. Katika majuma matatu ya kwanza hakuna dalili ya kutegemewa. Kuanzia wiki ya nne hadi ya sita, upanga wa pora huanza kuwa mkubwa na mwekundu, na ndevu zake, yaani nyama zinazoning'inia chini ya mdomo, huonekana. Upanga wa tembe, yaani jike ambaye hajaanza kutaga, hubaki mdogo na wa manjano au waridi hafifu. Vifaranga hao walinganishwe wa umri mmoja na mama mmoja, kwa sababu aina za upanga hutofautiana.

Kufika wiki ya nane hadi ya kumi, miguu ya pora huwa minene na husimama wima kifua mbele, hali tembe huwa mwembamba na huinama kwa upole. Kuanzia wiki ya kumi hadi ya 14 huja dalili iliyo ya hakika kuliko zote. Manyoya ya mgongoni karibu na mkia, na yale ya shingoni, kwa pora huwa marefu, membamba, yenye ncha na ya kung'aa. Kwa tembe ncha za manyoya hayo huwa za mviringo. Baadaye pora huota manyoya ya mkia yaliyopinda kama mundu, naye huanza kuwika. Mfugaji asitegemee dalili moja. Zikipatana mbili au tatu, hapo hakosei.

Anayetambuliwa atiwe alama kwa uzi wa rangi mguuni, uliolegea, na uzi ubadilishwe mguu unapokua.

KAZI YA KUFANYA BAADA YA KUTAMBUA

Pora watengwe na tembe. Achaguliwe mmoja bora kwa kila majike kumi: mrefu, mwenye macho makali na miguu iliyonyooka, aliyekua upesi kuliko wenzake. Asiwe ndugu wa majike hayo, bali abadilishwe na jirani wa mbali, kwa kuwa ndugu wakizaana mayai hukataa kuangua na watoto hudhoofika. Kubadilishana majogoo si jambo geni. Tangu mwaka wa 1976 mpango wa taifa wa kuendeleza kuku, uliosaidiwa na Uholanzi, uliwapa wafugaji wa Kenya majogoo wa mbegu bora badala ya majogoo wao wa kienyeji. Mfugaji akimbuka pia kwamba jogoo wa zamani akiondolewa, mbegu yake hudumu ndani ya kuku majuma mawili hivi. Basi mayai ya kuangulia yangoje muda huo upite.

Pora waliobaki wanoneshwe na kuuzwa mapema, au waliwe na watoto nyumbani. Katika ploti za mjini ni vema zaidi kuwaondoa kabla hawajaanza kuwika alfajiri, ili amani na majirani isivunjike. Tembe ndio wapewe nafasi na chakula kilicho bora, pamoja na chanjo ya kideri kwa wakati wake. Chanjo hiyo hutengenezwa hapa Kenya na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI, na afisa wa mifugo wa kata huweza kueleza siku zake. Wenye kuku wachache waungane na majirani, kwa maana chupa moja huchanja kuku wengi.

Mwisho, yafaa kila nyumba ya kuku iwe na daftari dogo, au hata ubao na chaki, panapoandikwa tarehe tatu: siku mayai yalipowekwa, siku ya kuanguliwa, na siku pora watakapotengwa. Tarehe hizo humwonyesha mfugaji ni koo yupi anayestahili kuatamia tena na ni yupi anayekula bure. Mwenye koo watano na daftari hupata zaidi kuliko mwenye koo ishirini anaowahesabu jioni tu wanapoingia kulala.